Mambo ya kuzingatia kuhusu presha kabla ubongo haujazeeka

Usingoje kuumwa kichwa. Ukishapita miaka thelathini, pima presha hata kama huumwi kitu. Uingereza wapo watu waliozaliwa wiki moja ya Machi 1946 ambao wamefuatiliwa tangu utotoni, na baadhi yao walipofika miaka 70 hivi wakapigwa picha za ubongo. Waliopandwa na presha kwa kasi kati ya miaka 36 na 53 walikutwa na ubongo mdogo kuliko wenzao. Huo ndio umri wa kuhangaikia ada za watoto, nani anakumbuka kupima?

Ukipima, kaa kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara? Subiri nusu saa. Namba ya juu ikijirudia 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, kwa siku tofauti, nenda kliniki.

Chumvi isizidi kijiko cha chai kwa siku, ukihesabu na ya kwenye mkate. Sigara, acha.

Sasa dawa. Baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani aliyekumbuka vipimo vya mteja wa Idi iliyopita bila kufungua daftari. Akipimwa akaambiwa 130, vidonge anavifungia kabatini: "Nimepona." Presha ikipanda, anavitoa. Miaka ikaenda hivyo. Hakuanguka, mdomo haukupinda, kila mtu akaona mambo shwari. Halafu akaanza kukata shati mikono miwili ya upande mmoja, na kuwadai wateja pesa walizokwisha kulipa. Ikasemwa ni uzee, na hata sitini na tano hajafika. Picha ya kichwa ilipotoka, daktari akauliza alipata kiharusi lini. Kiharusi gani? Akaonyesha makovu madogo madogo ya zamani: vimishipa vya ndani ya ubongo vilikuwa vimeziba kimoja kimoja, mwenyewe hana habari. Namba ilikuwa inashuka kwa sababu ya dawa, basi.

Jaribio la SPRINT MIND la Marekani, 2019, lilionyesha kwamba kuishusha namba ya juu chini ya 120 kulipunguza dalili za mwanzo za kudhoofika kwa akili. Lakini usijiongezee vidonge uifukuzie 120. Mzee akishushwa mno hupata kizunguzungu akisimama, akaanguka. Dawa ya jirani usimeze. Ukitumia mitishamba, mwambie daktari. Ukisafiri, beba dawa za kutosha, na za akiba pia.