Kwenda kusoma Kirusi wakati wa kiangazi: maandalizi kwa kijana mwenye pasipoti ya kwetu

Vijana wetu wengi walioko vyuo vya Marekani wanasoma uhusiano wa kimataifa, uhandisi au sayansi ya siasa, na baadhi yao huchukua Kirusi kama lugha ya kigeni. Wakimaliza mwaka wa kwanza au wa pili, mwalimu huwashauri waende kiangazi mahali ambapo Kirusi kinasikika sokoni na nyumbani. Ushauri ni mzuri, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba kijitabu wanachopewa na chuo kimeandikwa kwa mwenye pasipoti ya Marekani. Kijana mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo ana hesabu nyingine, na hesabu hiyo inaanzia kwenye kurudi, siyo kwenda.

Kwanza ujue unapelekwa wapi. Hadi mwanzoni mwa 2022, kozi nyingi zilikuwa Moscow na St. Petersburg. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari mwaka huo, vyuo vya Marekani vilihamishia wanafunzi wao Almaty huko Kazakhstan, Bishkek huko Kirgizia, Tbilisi huko Georgia (nchi ya Caucasus, siyo jimbo la Atlanta), na miji ya Baltiki kama Riga, Daugavpils na Narva. Ukisikia wakala anakuuzia kozi ya Moscow, kumbuka kwamba kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi kule tangu Machi 2022, na kwamba serikali ya Marekani inawashauri raia wake wasiende kabisa. Chuo chako kinaweza kukataa kutambua masomo hayo.

Sasa tuje kwenye karatasi. Ukiwa na hadhi ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, fungua pasipoti uangalie tarehe ya mwisho ya viza iliyobandikwa humo. Wengi wanachanganya viza na ruhusa ya kukaa. Unaweza kuendelea kusoma kihalali hata viza ikiwa imekwisha, mradi I-20 yako, yaani cheti cha chuo cha kuthibitisha uandikishaji wako, iko hai, lakini ukishatoka hurudi bila viza mpya. Ule upenyo wa kurudi na viza iliyokwisha ni wa safari fupi za Canada na Mexico na visiwa vya karibu, Almaty haimo. Na viza mpya siku hizi siyo jambo la kubahatisha. Juni 2025 Marekani iliweka vizuizi kwa viza za wanafunzi kutoka Burundi, na tangu hapo orodha ya nchi imeongezeka. Kama viza yako itaisha kabla ya Agosti, maoni yangu ni kwamba usitoke. Middlebury, jimboni Vermont, wana shule ya Kirusi ya kiangazi ambako wanafunzi hutia saini ahadi ya kuongea Kirusi tu, na hakuna mpaka wa kuvuka.

Viza ikiwa salama, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni wakusainie I-20 ukurasa wa safari. Saini hiyo isiwe imepita mwaka mmoja siku utakayorudi.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioingia kama wakimbizi, au waliopewa hifadhi, wanahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayoombwa kwa fomu ya I-131 kabla ya kuondoka. Ianze mapema sana, maana haitoki kwa wiki chache, na siyo kila ubalozi unaielewa. Kutumia pasipoti ya nchi uliyoikimbia kunaweza kukuletea maswali juu ya hifadhi yenyewe. Mwenye kesi ya hifadhi ambayo haijaamuliwa asikate tiketi kabla ya kuongea na wakili wake.

Halafu kuna njia ya kupitia. Raia wa Kongo ya Kinshasa na wa Somalia wako kwenye orodha ya wanaotakiwa kuwa na viza hata kwa kubadilisha ndege tu katika viwanja vya nchi za Schengen. Kuna misamaha kwa wenye vibali fulani vya Marekani, basi uliza ubalozi kabla ya kununua tiketi ya kupitia Frankfurt. Wengi hupita Istanbul.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Ufadhili mkubwa wa serikali ya Marekani, kama Critical Language Scholarship, Boren na Gilman, ni wa raia. Kadi ya kijani haitoshi. Usipoteze Novemba yako ukiandika insha za maombi hayo; nenda idara ya lugha na ofisi ya masomo ya nje uulize fedha za chuo chenyewe, ambazo mara nyingi haziulizi uraia.

Lugha yenyewe inataka miezi, siyo wiki. Herufi 33 zinajifunzika haraka, zisikutishe. Anayeongea Kiswahili ana mtaji mzuri: kijana aliyezoea kusema kiti kikubwa kimevunjika, viti vikubwa vimevunjika, hashangai kuona kivumishi kikibadilika kulingana na nomino yake, na ngeli zetu ni nyingi kuliko jinsia 3 za Kirusi. Kinachotuumiza ni mkazo. Sisi mkazo wetu umekaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kirusi mkazo unahama, na ukihama unabadilisha maana: zámok ni ngome, zamók ni kufuli. Tena irabu isiyo na mkazo hufifia, kwa hiyo moloko, yaani maziwa, hutamkwa karibu na malakó. Sisi tunaitamka kila irabu kwa ukamilifu wake, na mwenyeji hatuelewi. Tangu Januari sikiliza sauti kila siku, rudia kwa nguvu, na usijifunze neno jipya bila alama ya mkazo. Vitenzi vya mwendo navyo vipe muda: kwenda kwa miguu na kwenda kwa gari ni vitenzi viwili tofauti.

Mji una uzito wake hapa. Bishkek na Almaty Kirusi kinatumika mitaani kila saa. Tbilisi vijana wengi hupendelea Kiingereza, na wapo wasiopenda kusemeshwa Kirusi kwa sababu za vita ambazo ni za haki kwao. Anza na salamu ya Kigeorgia.

Ukikaa na familia, adabu ya nyumbani kwenu itakubeba. Viatu huvuliwa mlangoni, mkubwa huitwa kwa jina lake pamoja na jina litokanalo na la baba yake, na husemeshwa kwa vy ("wewe" ya heshima), kamwe siyo ty ("wewe" ya kawaida), mpaka akuruhusu. Chakula cha Asia ya Kati hakitakuwa kigeni: plov ni pilau, samsa ni sambusa iliyookwa. Waislamu ni wengi Kazakhstan na Kirgizia, na nyama halali inapatikana kirahisi, ingawa ujue nyama ya farasi ni chakula cha heshima.

Watu watakukodolea macho. Wengine wataomba picha, wengine watagusa nywele. Mara nyingi ni udadisi, lakini si kila mara, na usikubali mtu akuambie umekosea kuhisi. Jifunze kabla ya kuondoka namna ya kusema kwa Kirusi "tafadhali usinipige picha", na ujue jina la mtu wa programu utakayempigia usiku. Suka kabla ya safari, na beba mafuta ya nywele ya muda wote, kwani si rahisi kuyapata kule.

Dawa zibaki kwenye vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari kilichotafsiriwa. Zile za umakini zenye amfetamini, na zenye kodeini, zinaweza kukutia matatani mipakani. Uliza ubalozi mapema. Kazakhstan, mwenyeji wako anapaswa kutoa taarifa ya kuwasili kwako kwa uhamiaji ndani ya siku 3 za kazi. Mkumbushe siku ya kwanza, nawe omba nakala.

Kwa wazazi: Almaty iko mbele ya Nairobi na Dar kwa saa 2, Bishkek kwa saa 3. Kubalianeni siku moja au mbili za simu kwa wiki. Kijana anayeshinda kwenye kundi la familia la WhatsApp hatakuwa na jioni ya kukaa jikoni na mama mwenye nyumba, na jikoni ndiko Kirusi kinakofunguka.