Ukipita Iringa, ingia Soko Kuu asubuhi

Wengi wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hulala Iringa na kuondoka bila kufika Soko Kuu, lililo katikati ya mji. Amka mapema. Juni na Julai vaa sweta, maana mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na baridi ya asubuhi haina utani.

Anza na salamu: "Kamwene" kwa Kihehe, au shikamoo kwa mama mtu mzima. Bei huulizwa baadaye. Maharage, njegere na viazi hupimwa kwa sado, yaani kopo la kupimia, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama bei ni ya sado iliyosawazishwa au iliyojazwa mpaka kilima. Hapo ndipo wageni wanapopunjwa, si kwenye bei yenyewe. Nyanya na vitunguu utauziwa kwa fungu. Tazama na zile za chini. Beba noti ndogo, chenji asubuhi ni kazi.

Vikapu vya milulu, nyasi za kusukia, chagua kwa mkono: bonyeza kitako, vuta mpini. Kilichosukwa vizuri hakilegei. Mimi ningenunua kikubwa kwanza, nikabebea mzigo wote humohumo.

Picha, omba ruhusa.

Ukimaliza, karibu na soko, mbele ya kituo cha polisi, kuna mnara wa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Hauchukui hata dakika kumi.