Kuanza krimu ya retinoidi kwa chunusi bila kubabua uso, hasa kwa upepo wa Dodoma

Kila mwaka ukiingia mwezi wa saba naanza kupokea nyuso zilizobabuka. Upepo wa Dodoma mnaujua: midomo inapasuka, visigino vinapasuka, nguo ulizoanika saa mbili ikifika saa nne unazianua. Sasa mtu anachukua krimu ambayo kazi yake ni kuharakisha ngozi ijivue, anajipaka kama losheni, usiku saba kwa wiki, katika hewa hiyohiyo. Siku ya tano yupo dirishani kwangu: "Dada, dawa yako imeniunguza."

Mimi ni mfamasia, na uso wangu mwenyewe nimewahi kuubabua kwa krimu hii hii, tutafika huko. Wateja ninaowaona wakifanikiwa na wanaoitupa tyubu jalalani mara nyingi wamenunua dawa ileile. Wanachotofautiana ni haraka.

Hatua ya 1: Soma boksi kabla ya kulipa

Retinoidi ni ukoo wa dawa zenye asili ya vitamini A. Za kupaka utakazokutana nazo zaidi ni mbili. Ya kwanza ni adapalini (kwenye boksi mwishoni utaona "-ene"), kwa kawaida ya 0.1%. Ya pili ni tretinoini, inayokuja kwa nguvu za 0.025%, 0.05% na 0.1%. Tretinoini ndiyo kongwe, Marekani waliipitisha kwa chunusi mwaka 1971, na adapalini ikafuata 1996. Anayeanza huwa namwelekeza kwenye adapalini kwa sababu ngozi nyingi zinaivumilia. Tretinoini njoo na cheti cha daktari.

Ukishaliona jina hilo, usirudishe boksi mfukoni. Ligeuze, soma viambato vyote. Ukikuta hidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, au steroidi, yaani jina linaloishia na "-sone" au clobetasol, huo ni mkorogo uliovalishwa suti. Unang'arisha uso wiki mbili, kisha unakuachia ngozi laini kama ganda la kitunguu na chunusi za aina nyingine kabisa.

Kama una mimba, unatafuta mimba, au unahisi tu siku zimechelewa, usinunue. Niambie, kuna dawa nyingine za chunusi. Anayenyonyesha naye aulize kwanza.

Hatua ya 2: Ondoa vingine vyote usoni

Nikimuuliza mtu anatumia nini usoni, jibu ni "sabuni tu." Binti mmoja wa chuo, kutoka kule mlimani UDOM, alinijibu hivyohivyo. Tukaanza kuichambua hiyo "sabuni tu". Ilikuwa sabuni ya mche, asubuhi na jioni, kwa dodoki. Jumamosi ndimu na sukari. Katikati ya wiki dawa ya meno juu ya kila kipele. Uso wa namna hiyo ukiuongezea retinoidi unaulilia bure, hauna tena ngozi ya kuvumilia.

Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo, kabla ya kuanza dawa, ni za kuacha. Acha dodoki, acha ndimu, acha krimu zenye asidi za kubandua. Nawa kwa sabuni laini isiyo na manukato, mara mbili kwa siku, kwa vidole. Mafuta ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso nayo yaangalie, maana yanaziba vinyweleo. Funga kitambaa ukilala.

Aliyekuwa anatumia mkorogo kwa miezi asiuache ghafla halafu kesho yake aanze retinoidi. Steroidi iliyomo kwenye mkorogo ikikatwa uso hulipuka, unawaka moto, na utailaumu dawa isiyohusika. Huyo aanzie kwa daktari wa ngozi.

Hatua ya 3: Kinga kwanza, dawa baadaye

Nunua vitu viwili kabla ya tyubu. Losheni nzito kiasi isiyo na harufu, na krimu ya kuzuia jua ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Pesa ikitosha kimoja tu kati ya hivyo pamoja na dawa, bado hujawa tayari, subiri mshahara.

Watu wengi hubishia ya jua: "Sisi weusi jua letu." Ni kweli ngozi nyeusi haiungui upesi. Lakini alama nyeusi inayobaki kipele kikikauka, jua ndilo linaloikoleza, na wengi wanaokuja kwangu kinachowauma zaidi si kipele bali alama. Kipimo ni mistari miwili ya krimu juu ya kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Zipo zinazokuacha kama umepakuliwa kwenye gunia la unga, kwa hiyo omba uijaribu mkononi kwanza.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza

Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo nenda nami polepole.

Nawa uso, kisha uguse kwa kanga kuukuu iliyolainika, usisugue. Halafu kaa. Kula, ongea na simu, ngoja dakika 20 hivi, kwa sababu retinoidi juu ya ngozi yenye majimaji inachoma zaidi. Chukua mafuta ya mgando kidogo kwa ncha ya kidole, pitisha pembe mbili za mdomo, mikunjo ya pembeni mwa pua, na chini ya macho. Huo ndio ukuta, maana dawa hupenda kuhama usiku na kujikusanya kwenye mikunjo.

Sasa kamua dawa. Punje moja ya njegere, kwa uso mzima. Itaonekana haitoshi, na inatosha. Dondosha nukta paji, shavu, shavu, kidevu, na kidogo puani, kisha ziunganishe kwa wepesi. Usipake kwenye kipele pekee. Chunusi inaanza na kizibo kidogo ndani ya kinyweleo, wiki kadhaa kabla hujakiona kwenye kioo, na dawa hii inazuia hicho kizibo. Unatibu chunusi za mwezi ujao, na hujui zitatokea wapi.

Malizia na losheni juu yake. Mwenye ngozi kavu apake losheni kabla na baada, dawa ikae katikati.

Mimi mara yangu ya kwanza sikufanya hata moja ya haya. Nilikuwa na harusi ya mdogo wangu baada ya wiki tatu, nikajisemea kama kidogo kinasaidia, kingi kitawahi. Tretinoini, usiku nne mfululizo, nimekamua kama dawa ya meno. Siku ya tano pembe za mdomo zilikuwa zimechanika. Nikakaa na wenzangu kwenye mishkaki, nikakamulia ndimu kama kawaida yangu, nikauma. Machozi yalinitoka, na machozi nayo yakachoma mashavu. Harusini nilipakwa poda, ikajishika kwenye magamba kama rangi juu ya ukuta unaobanduka. Picha zipo, hazioneshwi.

Hatua ya 5: Ratiba

Wiki ya 1 na ya 2, usiku mbili tu, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Wiki ya 3 na ya 4, usiku mmoja unapaka mmoja unapumzika. Ukifika wiki ya 6 hujaona shida, jaribu kila usiku. Ukiona uso unalalamika, rudi hatua moja nyuma, na hakuna atakayekucheka. Wapo wanaobaki na usiku mmoja kupaka mmoja kupumzika miaka yote na nyuso zao ni safi.

Ukianza kati ya Juni na Oktoba, au ngozi yako ni ya kukereka upesi, kuna njia ya kuibia: paka, acha dakika 30, nawa, paka losheni, lala. Ongeza muda taratibu wiki hadi wiki. Ningekuwa na uwezo ningewaanzisha watu wote mvua za Desemba, lakini chunusi hazisubiri masika.

Hatua ya 6: Wiki ya 3 hadi ya 6, uso unapochafuka

Kaka mmoja wa bodaboda alikuja wiki ya nne na tyubu mkononi, amekasirika kwelikweli. Alianza na vipele sita kwenye taya, sasa ana zaidi ya kumi. Nilimwomba avue kofia ngumu. Vipya vyote vilikuwa palepale pa zamani, kwenye njia ya mkanda. Vile vizibo vilivyokuwa vimejificha chini vinasukumwa juu kwa pamoja, na mkanda wenye jasho na vumbi la barabarani unavisugua. Tukakubaliana aufue mkanda kila siku mbili, aweke kitambaa safi cha pamba katikati, na aendelee. Wiki ya kumi alipita kuniambia mteja wake amemuuliza anapaka nini.

Je, wako ni huo mchafuko wa kawaida au ngozi imeungua? Vitabu vingi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hujificha. Tazama badala yake ngozi iliyokaza na kung'aa kama nailoni, iliyokoza weusi kuzunguka mdomo, inayochoma hata kwa maji matupu au losheni uliyoizoea. Hiyo imeungua. Acha dawa siku tano hadi saba, paka losheni tu, kisha anza upya kwa usiku mbili. Ukiona macho au midomo imevimba, au malengelenge, au muwasho umeenea mpaka shingoni, acha kabisa na uende hospitali. Chunusi za ndani zenye maumivu na mafundo, zinazoacha mashimo, nazo ni za daktari, kwa sababu krimu peke yake haizifikii.

Hatua ya 7: Wiki ya 12

Piga picha siku ya kwanza, halafu kila baada ya wiki nne, dirisha lilelile, saa ileile. Kioo cha kila asubuhi kinadanganya. Hukumu usiitoe kabla ya wiki ya 12. Alama nyeusi zitachelewa kuisha kuliko vipele, na hapo ndipo watu wanaponiacha mimi na kwenda kwa muuza mkorogo.

Tyubu iweke kabatini, si dirishani wala chini ya bati, maana tretinoini hasa haipatani na mwanga wala joto. Anayetumia benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya kupaka ya chunusi, pamoja na tretinoini, hiyo apake asubuhi, tretinoini usiku, na afahamu kwamba benzoili inafuta rangi ya taulo na kola za sare.

Uso ukitulia usiache, punguza tu mpaka usiku tatu kwa wiki. Na kwa kipimo cha njegere, tyubu ya gramu 30 inakufikisha miezi miwili na zaidi. Ukirudi dirishani baada ya wiki tatu kununua nyingine, nitakuuliza kama mnapaka wawili.