Mtoto Mwenye Seliaki: Kumlisha Ughaibuni na Kumpeleka Likizo Dodoma

Mzazi mwenzangu uliyeko ughaibuni, kama mtoto wako amepimwa na kuambiwa ana seliaki, yaani ugonjwa ambao ngano na jamii yake zinamdhuru utumbo, jambo la kwanza ninalotaka ulishike ni hili: chakula cha kwenu hakijakupotea. Kilichoondoka mezani ni mkate, chapati, maandazi, tambi, keki na biskuti. Ugali wa uwele na wa mtama, mlenda, wali, maharage, kunde, mihogo, viazi vitamu, nyama ya kuchoma, mayai, karanga na maziwa mgando kwa asili havina gluteni, ile protini ya ngano inayomdhuru. Sisi wa Dodoma, Singida na Kondoa tumekulia kwenye nafaka ambazo mtoto huyu anaruhusiwa kula.

Lakini wazazi wengi huanzia upande mwingine. Wakitoka hospitali wanakimbilia rafu ya vyakula maalumu dukani, wananunua kimkate kidogo kwa bei ya mikate mitatu, mtoto anaking'ata mara moja na kukiacha. Mimi nasema anza na sufuria ya nyumbani. Vile vya rafu maalumu vibaki vya dharura, safari na sherehe za shule.

Ugonjwa wenyewe uuelewe vizuri, maana ni wewe utakayewaeleza ndugu. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya Ulaya iitwayo "rye"). Mwenye seliaki akiila, kinga yake ya mwili inashambulia utumbo wake mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula vinalika na kulala, ndiyo maana mtoto anakula lakini hanenepi wala harefuki, tumbo linajaa gesi, anaharisha au anapata choo kigumu, na damu inapungua hata akipewa vidonge vya madini ya chuma. Huu si mzio wa kuvimba midomo, na hauambukizi. Hauna dawa ya kumeza ya kuuponya. Tiba ni chakula kisicho na gluteni, maisha yote, na utumbo wa mtoto kwa kawaida hupona vizuri ukipewa nafasi.

Kama bado mnashuku tu, msimwondolee ngano kabla vipimo havijakamilika. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili wanaotokea mtoto anapokula gluteni, na mara nyingine daktari huhitaji pia kuingiza kamera na kuchukua kinyama cha utumbo. Ukiondoa ngano mapema, majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo.

Kuna ndugu watakaosema ni magonjwa mapya ya wazungu. Waeleze kuhusu Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Katika njaa ya vita ya mwaka 1944 na 1945 mkate uliadimika kabisa, na watoto aliokuwa akiwatibu ugonjwa huu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Kazi yake ndiyo iliyoonyesha kuwa ngano ndiyo chanzo.

Jikoni ughaibuni

Unga utaupata kwenye maduka ya Wahindi. Uwele wanauita bajra, mtama jowar, ulezi ragi. Tatizo ni kwamba viwanda vingi vinavyosaga unga huo vinasaga pia unga wa chapati, kwa hiyo soma pakiti mpaka mwisho. Pakiti iliyoandikwa "gluten free" inabanwa na sheria Ulaya, Uingereza na Marekani: gluteni isizidi miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula. Pakiti isiyo na maneno hayo lakini yenye onyo kwamba huenda ina ngano, iache dukani hata kama ni ya bei nafuu.

Uingereza na Ulaya, nafaka zenye gluteni lazima zitajwe kwenye orodha ya viambato na zitofautishwe, mara nyingi kwa herufi nzito. Marekani sheria ya mzio inataja ngano, haitaji shayiri, kwa hiyo huko tafuta pia neno "malt", ambalo kwa kawaida ni kimea cha shayiri. Kimea hicho kimejificha kwenye vinywaji vya chokoleti tulivyozoea kuwapa watoto asubuhi na kwenye nafaka nyingi za kifungua kinywa. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Baadhi ya vidonge vya kukolezea supu vina ngano. Kuskusi, bulga na spelti ni ngano kwa majina mengine. Oti za uji, zile wanazoziita oats (si ile shayiri yenye gluteni), zinahitaji pakiti maalumu kwa sababu huchanganyika na ngano shambani na kiwandani, na wapo watoto wachache ambao hata zile safi zinawadhuru. Uliza daktari kabla ya kumpa.

Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, mimi ningeondoa unga wa ngano kabisa. Unga unaruka. Ukisukuma chapati za watu wazima, vumbi lake linatua kwenye sufuria, kwenye kitambaa, kwenye mkono utakaomega ugali wa mtoto. Mkishindwa kuuondoa, basi mtoto awe na mwiko wake, chujio lake, kibaniko chake cha mkate, na kopo lake la siagi ambalo kisu chenye chembe za mkate hakiingii. Mwiko wa mbao wa zamani usafishwe vipi? Ununue mwingine.

Chapati atazililia, usijidanganye. Unga wa mtama ukiukanda kwa maji baridi unakatika vipande. Ukanda kwa maji yanayochemka: mimina kidogo kidogo ukikoroga kwa mwiko, funika kwa dakika chache, kisha ukande ungali moto kadiri mikono inavyovumilia mpaka ulainike. Sukuma katikati ya karatasi mbili za nailoni na uchome kwenye kikaango kikavu. Haitakuwa chapati ya kukunjika kama leso, lakini ikiwa moto na mchuzi wa maharage, mtoto atakula.

Vitumbua ndiyo ushindi wenu. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, chuja, saga kwenye blenda na kikombe kimoja cha tui la nazi, tia sukari, iliki na kijiko kidogo cha hamira, acha uumuke mpaka utoe mapovu, kisha choma kwenye kikaango cha vitumbua. Hakuna mtoto shuleni atakayejua kwamba hicho ni "chakula cha mgonjwa".

Shuleni peleka barua ya daktari na uzungumze na mwalimu uso kwa uso. Mtajie hata ule unga wa rangi wa kuchezea, maana nao mara nyingi ni wa ngano na vidole vya watoto huishia mdomoni. Marekani unaweza kuomba mpango wa 504, yaani maandishi ya namna shule itakavyomhudumia mtoto mwenye tatizo la kiafya, ambao unaibana shule kisheria. Uingereza, baadhi ya maeneo hutoa mkate na unga maalumu kwa cheti cha daktari, kwa hiyo uliza.

Kumwandaa bibi kabla hamjafika

Hapa ndipo panahitaji hekima. Bibi amesubiri wajukuu miaka, amenunua unga wa ngano wa maandazi, na wewe unafika kumwambia mtoto hali. Usimweleze siku ya kufika. Piga simu wiki kadhaa kabla, na umwambie kwa maneno anayoyabeba: "Mama, ngano inamchana mtoto utumbo. Hata kidogo kama ncha ya kucha. Lakini ugali wako wa uwele na mlenda ndiyo dawa yake." Sentensi ya mwisho usiiruke. Bibi aliyeambiwa kwamba chakula chake ndicho kinachotakiwa atamlinda mtoto kuliko wewe. Bibi aliyeambiwa "usimpe hiki, usimpe kile" atajiona ametengwa, na shangazi mmoja atampenyezea mtoto andazi kwa huruma. Hilo la "kidogo tu hakimdhuru" litamkeni wazi mapema, maana linatoka kwenye upendo na ndilo hatari kubwa kuliko zote.

Kwenye ndege agiza chakula kisicho na gluteni mapema, angalau siku mbili kabla. Msimbo wake ni GFML. Hata hivyo beba akiba mkobani. Kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, ukipanda treni ya SGR au basi, mayai ya kuchemsha, ndizi na karanga zinatosha, na mahindi ya kuchoma njiani hayana neno.

Mitego ya Dodoma

Mtego wa kwanza ni unga wa lishe. Kila mtu atakushauri umpe mtoto dhaifu uji wa lishe, na mchanganyiko huo mara nyingi una ngano ndani pamoja na mahindi, mchele, soya na karanga. Mkatalie kwa heshima na umpikie uji wa ulezi mtupu, wenye kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine.

Mtego wa pili ni mashine ya kusaga. Mashine ile ile iliyosaga unga wa lishe wa jirani itasaga mtama wako. Nunua nafaka nzima sokoni Majengo, pepeta, chagua punje ngeni, osha na uanike. Nenda mashineni asubuhi kabla foleni haijaanza, zungumza na msagaji, na mlipe asage kwanza kilo moja au mbili za mahindi yako ya kusafishia. Unga huo wa kwanza wape kuku. Kijijini ambako bado kuna kinu na jiwe la kusagia, hiyo ndiyo njia salama kuliko zote.

Mtego wa tatu ni mafuta. Chips mayai ni viazi na mayai, lakini karai lile lile limekaanga sambusa na maandazi. Vitumbua vya mtaani wengine huongezea unga wa ngano, na bagia vilevile. Mchuzi wa hotelini huenda umekolezwa kwa ngano. Mishikaki ya chumvi na ndimu ni sawa, ila uliza walichoilowekea. Togwa ya kimea cha ulezi au mtama ni sawa pia, mradi ujue aliyeitengeneza. Kwenye harusi mpakulie mtoto mwanzoni kabisa, kabla kijiko cha sambusa hakijaingia kwenye pilau. Mwezi wa Ramadhani, futari ya magimbi, mihogo na uji wa mchele anakula na wenzake. Kaimati na tambi hapana.

Kama familia ni ya Kikatoliki na mtoto amefikia Komunyo ya Kwanza, zungumza na paroko mapema. Barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilirudia kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, lakini yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa. Mtoto pia anaweza kupokea divai peke yake, kutoka kikombe ambacho hostia haijachovywa.

Akila kwa bahati mbaya, usimtapishe. Mpe maji na umpumzishe. Dalili zinaweza kuja ndani ya saa chache au baada ya siku. Ila usiitupie ngano kila lawama: mtoto akiwa na homa mpeleke akapimwe malaria, na akiharisha au kutapika mfululizo mpe ORS na umwahishe hospitali. Beba nakala ya barua ya daktari wake, na kwenye duka la dawa utaje ugonjwa huu kabla ya kununua vidonge.

Mkirudi, timizeni miadi ya kipimo cha damu. Hapo ndipo mtajua kama likizo ilikwenda salama, maana wapo watoto ambao utumbo unaumia bila tumbo kuuma. Na wadogo zake na kaka zake wapimwe hata kama wana afya, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika familia. Takriban ndugu mmoja kati ya kumi wa karibu huwa nao. Wewe na mwenzio pia mpimwe.