Historia ya Marekani kwa Kidato cha Pili: anzia kwenye pamba

Mwalimu wa shule ya kanisa hapa Moshi akianza na Columbus, darasa linasinzia mapema. Anza na kitambaa cha merikani. Nunua nusu mita kwenye duka la vitambaa, kata vipande vinane, kila kundi lishike chake. Katika karne ya 19 kitambaa hiki kilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Meli za Salem zilikileta Zanzibar na kurudi na pembe za ndovu, na misafara ikakipandisha bara kama fedha. Chora njia hiyo ubaoni kwa mishale. Dakika 15 zinatosha.

Kisha wape pamba yenye mbegu. Agizia kwa mtu anayetoka Shinyanga au Simiyu. Usitumie sufi ya mito, maana mbegu za sufi hudondoka zenyewe na somo zima linaharibika. Kila kundi litoe mbegu kwa vidole kwa dakika 5. Wakishachoka, waeleze mashine ya Eli Whitney ya 1793: ilirahisisha kazi hii, kilimo cha pamba kikalipa zaidi, watumwa wakahitajika zaidi. Wanafunzi wengi hudhani mashine ilipunguza utumwa. Wachore nguzo mbili, sentimita 1 kwa watu 500,000: mwaka 1790 watumwa walikuwa kama 700,000 (sm 1.4), mwaka 1860 karibu milioni 4 (sm 8).

Kipindi cha pili ni Katiba ya 1787, na hapa maharage yanafanya kazi kuliko maelezo. Kila punje ni watu 10,000. Jimbo la Kaskazini lina punje 24 nyeupe, wote huru. La Kusini lina nyeupe 20 na nyekundu 10 za watumwa. Uliza lipi lipate wabunge wengi. Kwa kanuni ya tatu ya tano ya Katiba hiyo, yaani kila watumwa watano kuhesabiwa kama watu watatu, nyekundu 10 huhesabiwa 6, hivyo Kusini inafika 26 na kuishinda Kaskazini. Lazima mtoto atasema, "Bora wangehesabiwa wote!" Mrudishe kwenye punje: mtumwa hakupiga kura, kwa hiyo kila punje nyekundu iliyohesabiwa ilimwongezea nguvu bwana wake. Mabwana ndio waliotaka wahesabiwe wote.

Wafafanulie pia uhuru wa 1776. Kwa mtoto wa Tanzania, uhuru ni wenyeji kumtoa mgeni, kama 1961. Kule ni walowezi waliomwasi mfalme wao wenyewe; wenyeji na watumwa hawakuwemo. Usipolisema wazi, litakurudia kwenye mtihani.

Kipindi cha tatu, mwambie mchungaji wa shule mapema, kwa sababu Biblia inaingia. Makundi manne yasome Waefeso 6:5, aya inayowaambia watumwa wawatii mabwana zao, iliyopendwa na wenye watumwa. Manne yasome Kutoka 21:16, inayoamuru kifo kwa anayemwiba mtu, iliyotumiwa na wapinzani wao. Yabadilishane hoja. Eleza kwamba Wamethodisti wa Marekani waligawanyika 1844 na Wabaptisti 1845 kwa ugomvi huohuo, na kwamba Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, aliandika 1845 kuwa Ukristo wa Kristo na Ukristo wa wenye watumwa ni vitu viwili tofauti. Usikimbilie kuhubiri, waache wabishane kwanza. Hata kama somo hufundishwa kwa Kiingereza, mjadala huu ufanyike kwa Kiswahili, la sivyo watazungumza wawili tu wa dawati la mbele.

Mnada wa watumwa usiigizwe kabisa. Darasa hucheka, na mtoto mmoja hubaki na jina la utani hadi Kidato cha Nne.

Swali la kupima: je, Tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa, la Januari 1863, lilimwachia huru mtumwa wa jimbo la Kentucky? Anayejibu ndiyo, mpe sifuri. Liligusa majimbo yaliyoiasi serikali ya Marekani tu, na Kentucky haikuasi; mtumwa wa huko alisubiri Marekebisho ya 13 ya Katiba yaliyofuta utumwa, Desemba 1865. Alama 2 kwa jibu, 3 kwa sababu.