Kabla ya Kupeleka Vitu vya Kale vya Marehemu Mezani: Mambo ya Kuzingatia

Mwenye meza ya kuuza vitu vya kale kwenye maonesho akifariki, familia hugundua kwamba sehemu kubwa ya biashara ilikuwa kichwani mwake. Yeye ndiye aliyejua taa ipi ni yake na ipi ameachiwa mali kauli (auze kwanza, ndipo amlipe mwenyewe), kigoda kipi hakiuzwi, redio ipi ni ya mteja aliyetaka itengenezwe, na bei ya mwisho ya kila kitu. Ndugu wanaotaka kuendeleza meza hiyo, iwe viwanja vya Furahisha jijini Mwanza, Nyamhongolo wakati wa Nane Nane au Bujora wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma mwezi wa Juni, wamalize maamuzi yote nyumbani. Mteja akishashika kitu mkononi na kuanza kuhesabu noti, kaka na dada hawana tena nafasi ya kukubaliana.

La kwanza ni mamlaka ya kuuza. Bidhaa za marehemu ni mirathi, hata kama ni kikapu cha sarafu. Kikao cha familia kikae, muhtasari uandikwe na kusainiwa, cheti cha kifo kipatikane, kisha aliyependekezwa aende Mahakama ya Mwanzo kuomba ateuliwe msimamizi wa mirathi. Kuuza kabla ya hapo ni kuingilia mirathi, na mrithi yeyote, hata aliye mbali, anaweza kulalamika. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, kwa hiyo orodha mtakayoandaa kwa ajili ya meza ndiyo hiyo hiyo itakayomsaidia mahakamani. Maonesho yakifika kabla ya uteuzi, yaacheni yapite, au pelekeni vitu ambavyo ni mali ya wanafamilia walio hai.

Orodha iandikwe kwenye kaunta buku moja. Kila kitu kipewe namba na kipigwe picha mbili kwa simu, mbele na nyuma, pamoja na kasoro zake. Safu ziwe: namba, jina la kitu, kasoro, mwenye mali, bei ya kuanzia, bei ya mwisho, aliyenunua. Safu ya mwenye mali ndiyo inayozuia ugomvi. Siku za msiba na siku ya kwanza ya maonesho hujitokeza watu wanaosema walimwachia marehemu kitu, au walishalipa nusu. Wengi husema kweli. Mpokeeni kila mmoja kwa heshima, tazameni daftari la marehemu na ujumbe kwenye simu yake, na mkiridhika mrudishieni kitu chake kwa sahihi mbele ya shahidi. Asiye na uthibitisho aandikwe jina na dai lake, na kitu hicho kisipelekwe sokoni mpaka msimamizi aamue.

Vipo pia vitu ambavyo familia haitaki viende. Vitengwe mapema na vibaki nyumbani, si kupelekwa "vya kuonyesha tu", kwa sababu kilichowekwa mezani kitaulizwa bei, na kijana aliyeachwa peke yake kwa dakika tano atakiuza. Vifaa vya uganga na vya mizimu visiguswe kabla wazee wa ukoo hawajasema. Jihadharini na wanunuzi wanaofika mapema, pole ikiwa mdomoni na fedha mkononi, wakitaka kubeba mzigo wote kwa bei ya jumla. Jibu liwe moja kwa wote: hakuna kinachouzwa mpaka orodha ikamilike.

Sheria nayo ina mipaka yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki. Ukiwa na shaka, peleka picha kwa maofisa wa Mambo ya Kale kabla ya kuuza au kumruhusu mgeni asafiri nacho. Zito zaidi ni nyara za serikali, yaani sehemu za miili ya wanyamapori. Bangili ya pembe ya ndovu, jino la kiboko, ngozi ya chui au kucha za simba zinaweza kuwa zimelala kwenye sanduku la marehemu tangu enzi za babu yake. Kuzirithi si kibali cha kuwa nazo. Msizipakie kwenye gari. Ziacheni zilipo na mwende ofisi ya wanyamapori kutoa taarifa.

Sasa vitu vyenyewe. Kosa linaloharibu thamani haraka kuliko yote ni usafi wa kupita kiasi. Sarafu isisuguliwe kwa limao, majivu wala dawa ya meno: rangi yake ya uzee ndiyo mnunuzi anayoitafuta, na ikishang'aa bei huanguka. Ifutwe vumbi tu, iwekwe kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Plastiki laini huacha utelezi wa kijani unaokula shaba. Heller za Wajerumani, senti zenye tundu za enzi za Waingereza na sarafu za 1966 zenye samaki, mbuni na sungura zipangwe kwa mwaka. Tahadhari na riali ya fedha ya Maria Theresa: imeendelea kutengenezwa kwa miaka mingi, na zote zinasomeka 1780, hivyo mwaka huo hauthibitishi umri wake. Noti za Tanzania za matoleo ya 1985 hadi 2003 hazitumiki tena madukani, maana muda wa kuzibadilisha ulikwisha Aprili 2025. Ziuzwe kwa wakusanyaji.

Vigoda vya miguu mitatu, ngoma na mabao visipakwe vanishi. Vikaguliwe kama vina bungua: unga laini chini ya kitu na vitundu vyenye kingo safi ni dalili kwamba mdudu bado yu hai. Kitu cha namna hiyo kifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kikae kwenye friza kali kwa wiki mbili, kisha kiachwe kiyeyuke humo humo mfukoni ili unyevu usikae kwenye mti. Kikipelekwa bila tiba, kitaambukiza mezani mwa jirani pia.

Redio ya mbao iliyokaa miaka bila kuwashwa isichomekwe kwenye umeme ili mteja "aisikie". Vipuri vya ndani huchoka, vikapasuka au kuwaka moto. Iuzwe kama ilivyo, na hilo liandikwe kwenye kikaratasi chake. Zile za betri zifunguliwe nyuma, betri zilizovuja zitolewe. Chemli na karabai zimwagwe mafuta siku moja kabla, na karabai isiwashwe chini ya hema. Kioo cha chemli kisafiri peke yake, kimeviringishwa ndani ya soksi nene. Santuri zisimame wima, mbali na jua, kwani saa moja kwenye joto la chini ya turubai hutosha kuzipinda.

Alama husaidia bei. Taa au kengele yenye herufi E.A.R.&H. ni ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoanza 1948 na kugawanywa 1969. Cherehani ya Singer yenye namba tupu isiyotanguliwa na herufi ni ya kabla ya 1900. Yaandikeni kwenye kikaratasi kwa penseli, mkifunge kwa uzi. Gundi na solotepu hung'oa rangi.

Usafiri wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, unatosha kwa meza mbili. Vyombo vya udongo vifungwe kwa vipande vya kanga kuukuu, maana wino wa gazeti hushika kwenye vyombo vyeupe. Hema la mita 3 kwa 3 linataka mfuko wa mchanga wa kilo 20 kila mguu: asubuhi ziwa huwa limetulia, lakini mchana upepo huvuma kutoka majini na kuinua hema lisilofungwa. Vitu vizito vikae pembezoni mwa meza, vyenye kuvunjika katikati. Mkibaki hadi usiku, taa nyeupe kali huita wingu la wadudu wa ziwani, ambao wakipondwa huacha madoa kwenye vitabu na vitambaa. Funikeni vya karatasi kabla ya magharibi.

Kuhusu watu, watatu wanatosha kwa zamu: mmoja anauza, mmoja anashika fedha na daftari, mmoja anafunga vitu huku akitazama mikono ya wapitaji. Awepo wa nne, mtu mzima mpole, wa kupokea pole. Marafiki wa marehemu watakuja, watakaa, wengine watalia, na muuzaji hawezi kuwahudumia huku anahesabu chenji. Wekeni viti viwili nyuma ya meza kwa ajili yao. Rambirambi iingie kwenye bahasha yake na iandikwe jina la mtoaji, isichanganyike na mauzo. Mjane Mwislamu aliye kwenye edda, miezi minne na siku kumi, asiombwe kuja hata kwa saa moja. Anaweza kusaidia kwa kutambua vitu kwenye picha, akipenda. Na mjane yeyote, wa dini yoyote, aulizwe kwanza ni vitu gani haviuzwi.

Bei ya mwisho ipangwe na watu wawili pamoja. Mwenye uchungu peke yake ama atapandisha mpaka kitu kirudi nyumbani, ama atagawa kwa kila aliyesema "baba yako aliniahidi". Chini ya bei ya mwisho, muuzaji ampigie simu msimamizi.

Laini ya simu na lipa namba vya marehemu visiendelee kupokea fedha. Fedha ikiingia humo inafungwa pamoja na akaunti yake, na TIN, namba ya mlipakodi, ni ya mtu mwenyewe, haihamishiki. Tumieni lipa namba ya msimamizi, na muulize TRA pamoja na ofisi ya biashara ya halmashauri kuhusu leseni kabla ya kulipia kibanda. Chenji ya kuanzia: sarafu za 500 arobaini, noti za 1,000 ishirini na noti za 2,000 kumi, jumla shilingi 60,000, ihesabiwe na wawili na kuandikwa.

Jioni, kabla ya kukunja hema, somani namba kwenye kaunta buku moja baada ya nyingine huku mwingine akigusa kitu. Kilichouzwa kiwe na bei halisi na jina, kilichobaki kirudi kwenye kasha lake lile lile, na fedha zikabidhiwe kwa msimamizi usiku huo huo kwa sahihi za wote waliokuwa mezani.