Chagua programu ya kurenda picha za ndani kwa kuipima na chumba chako mwenyewe

Miaka michache iliyopita, hapa Dar es Salaam, nilimrendia mama mmoja picha za sebule yake kabla haijajengwa, yaani picha zinazofanana na za kamera ambazo kompyuta huzitoa kutokana na mchoro. Picha ilitoka safi, mwanga umejaa hadi kwenye kona. Akaipenda, mafundi wakajenga. Nyumba ilipokamilika akanipigia simu niende. Akanisimamisha katikati ya sebule, saa nane mchana, taa zikiwa zimewashwa, akaniuliza: "Mwanangu, ile picha ilikuwa ya nyumba hii kweli?"

Chumba kilikuwa giza. Dirisha lilikuwa moja tu, tena chini ya baraza pana, na programu niliyotumia ilikuwa imejaza mwanga usio na pa kuingilia. Tangu siku hiyo sichagui programu kwa kutazama picha za matangazo. Naipima kwanza, namna hii.

Hatua ya 1: Elewa chumba kinadai nini

Picha ya nje husaidiwa na jua na anga. Ndani, mwanga unaingia dirishani, unapiga sakafu, unadunda hadi darini, unarudi ukutani, na kila unapodunda unapungua na kubeba rangi ya kitu ulichogusa. Hapo ndipo programu zinapotengana. Cycles iliyomo ndani ya Blender, V-Ray na Corona hufuata miale yenyewe, mdundo baada ya mdundo. Enscape, Lumion, Twinmotion na D5 Render zimejengwa ili uone picha papo hapo unapotembeza kamera. Hizi za pili zimeboreshwa sana, na Twinmotion ina hali ya kufuata miale kwa picha ya mwisho. Lakini kwenye hali ya kasi, mwanga mwingi wa kudunda hukisiwa, na makisio ndiyo yaliyoniponza.

Hatua ya 2: Andika ulichonacho

Chukua karatasi, andika unachorea kwenye programu gani, kompyuta yako ina nini, na mfukoni kuna nini.

Corona hukaa ndani ya programu za kuchorea 3ds Max na Cinema 4D na hurenda kwa prosesa, kwa hiyo kadi kubwa ya grafiki haitaiongezea kasi. V-Ray na Enscape zina plagini (vipachiko vinavyokaa ndani ya programu nyingine) za programu za kuchorea SketchUp, Revit na Rhino. Blender ni bure kabisa, hata kwa kazi ya kulipwa. Twinmotion ni bure kwa mtu ambaye mapato yake ya mwaka hayafiki dola milioni 1 za Marekani, yaani karibu sisi sote. V-Ray, Corona na Enscape hulipiwa kwa muda, kwa hiyo gawa bei ya leseni kwa idadi ya kazi unazopata. Za kukraki, yaani zilizovunjwa leseni, usiziguse, maana zinaweza kuja na virusi. Faili za mteja wako ziko kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Jenga chumba cha majaribio

Hatua hii usiiharakishe. Chora chumba cha mita 4 kwa 5, kimo mita 3, dirisha moja la mita 1.5 kwa 1.2. Kuta ziwe nyeupe, lakini nyeupe ya 0.8, si 1. Rangi nyeupe ya kawaida ya ukutani hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga. Ukiweka 1, mwanga haufi, unadunda tu, na chumba kitang'aa uongo.

Sakafu iwe ya tarazo iliyosuguliwa. Weka kiti chekundu karibu na ukuta, *nyuma ya kamera*, na kioo cha kujitazamia ukutani mbele ya kamera, kikielekea kiti hicho. Programu inayokisia kwa kutumia vilivyomo kwenye fremu peke yake haitakiona kiti. Kioo kitaonyesha ukuta mtupu au ukungu, na wekundu hafifu unaotakiwa kutua ukutani hautakuwepo. Sekunde kumi tu zinatosha kukujulisha.

Hatua ya 4: Dirisha, kioo na wavu wa mbu

Wengi huilaumu programu bure hapa. Ukiweka kioo cha kawaida dirishani kwenye Cycles, mwanga wa moja kwa moja unazuiwa, chumba kinakuwa giza na chenga, vile vidoa vidogo kama mchanga, zinajaa kwenye picha. Changanya materia ya kioo (mipangilio ya uso wa kitu) na ile ya uwazi mtupu, ili miale inayopima vivuli ipite. Kwenye V-Ray, washa "Affect shadows" kwenye materia ya kioo. Kwenye Corona, tumia "Thin".

Wavu wa mbu nao una shida yake. Usichore uzi mmoja mmoja. Tumia bapa moja lenye picha ya wavu na matundu yaliyo wazi, kisha ukaribie kwa kamera. Mara nyingi kisafisha chenga, yaani kifaa cha programu kinacholainisha picha, ndicho kinachouharibu wavu: vitundu vinaungana, dirisha linaonekana kama limepakwa mafuta. Nondo za dirisha husalimika. Kitenge kwenye mto wa kochi huharibiwa vilevile, kwa hiyo weka kimoja kwenye jaribio.

Hatua ya 5: Shindanisha kwa muda sawa

Usilinganishe kwa idadi ya sampuli, yaani mara ambazo programu hupima mwanga wa kila nukta ya picha, kwa sababu sampuli ya programu moja si sampuli ya nyingine. Ipe kila programu dakika 30 kwenye kompyuta yako, kisha tazama. Ili kupunguza chenga kwa nusu unahitaji sampuli mara 4, hivyo picha yenye chenga nyingi baada ya nusu saa haitaokolewa na dakika tano za nyongeza.

Kabla ya kuanza, zima urekebishaji wa mwangaza wa kiotomatiki. Programu nyingi za papo hapo huwa zimewasha, na ndio unaoficha giza.

Hatua ya 6: Pima kumbukumbu ya kadi

Picha moja ya materia ya pikseli 4096 kwa 4096 hula takriban MB 64 za kumbukumbu ya kadi ya grafiki isipobanwa. Materia 20 zenye picha tatu tatu ni karibu GB 4 kabla hujaweka kochi. Ukishusha hadi 2048, kila picha inakuwa MB 16. Kadi ya GB 6 inatosha kazi nyingi za sebule ukijipangia hivyo.

Hatua ya 7: Amua

Kwa anayeanza na bajeti ndogo nasema Blender na Cycles, bila kusita. Kujifunza kwake kuna mlima, lakini mwanga wake utauamini. Kama kazi yako ni vikao vya mteja anayebadilisha mawazo palepale, Enscape au Twinmotion itakufaa zaidi, na picha ya mwisho uitoe kwa kufuata miale. Ukiwa tayari unaishi ndani ya 3ds Max, jaribu Corona kabla ya V-Ray, maana mipangilio yake ni michache.

Hatua ya 8: Linganisha na chumba kilichojengwa

Tafuta chumba unachoweza kuingia. Kipime kwa futi, kipige picha kwa simu, andika tarehe na saa, kisha liweke jua la programu mahali hapo na saa hiyo. Usitazame kung'aa kwa jumla, kwa kuwa simu nayo hujirekebisha. Tazama tofauti kati ya ukuta wa karibu na dirisha na kona ya mbali.

Mimi nilianza na sebule ya yule mama. Niliijenga upya kwenye Blender, jua la saa nane, baraza kama lilivyo, na kona ya kochi ikatoka na giza lile lile alilonionyesha. Nikafungua dirisha la pili upande wa mashariki, kwenye picha tu, nikampelekea zote mbili. Alizitazama sana, ndipo akamwita fundi aje na tindo.